Hereni za Ng'ombe Hazitungi Usaha

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa kule mtaa wa Chanji alipoingia binti aliyetoboa sikio upande wa juu, siku nne tu zilizopita. Sikio lilikuwa limevimba na kuiva kama nyanya.

Muuzaji alilitazama kwa mbali, akasema, "Osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, asubuhi na jioni. Halafu usilishike."

Foleni nzima ikaitikia, "Kweli kabisa, usilishike!" Kisha wakaanza kulishika. Mama mmoja aliyetoka kuchagua migebuka sokoni alilibinya kwa vidole vile vile vya samaki, akashauri dawa ya meno. Mwenzake akaizungusha hereni "isije ikagandia," akapendekeza majivu. Sisi watu wa Sumbawanga hatuna uchoyo wa ushauri, hata wa vidole.

Nyuma yangu alisimama mzee mfugaji aliyefuata dawa ya kikohozi.

"Shikamoo babu," binti alimwamkia, machozi yakimlenga.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ng'ombe wangu wote walitobolewa masikio wakavishwa hereni za serikali za utambuzi, na hakuna hata mmoja aliyetunga usaha."

Tukamgeukia sote. "Uliwapaka nini, mzee?"

"Sikuwapaka kitu. Ng'ombe hana vidole, wala hana shangazi."

Duka zima likaangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Binti alipopita mbele yangu akitoka, mimi, shangazi wa watu saba, nikamshika sikio.

"Hebu nione, mwanangu. Ni hapa panapouma?"