Sifa Aliyoipokea Susu

Wiki jana nilikuwa Ngara kumnunulia binti yangu sare ya shule. Muuza nguo akamnyoosha kola, akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Mama, hebu angalia, ametoka smart." Nikalipa haraka nikatangulia nje, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka mtoto aulize.

Mimi nililelewa na nyanya yangu, mama wa mama. Tulimwita susu, kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao. Tuliishi chumba kimoja Kangemi, naye alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu mtaa wa pili, Mountain View. Mikono yake ilinukia sabuni hata Jumapili kanisani. Lakini kabla hajaenda kwa hao watu, alianza na mimi. Ile baridi ya Julai ikiuma vidole, alipuliza makaa ndani ya pasi mpaka yakawaka, akainyunyizia sketi yangu maji, akaitia mikunjo iliyosimama wima. Uji ulichemka pembeni. Mimi nilijifunika tena, nikisinzia kwa mlio wa pasi ikigonga meza. "Shida zetu zibaki hapa," alizoea kusema. "Zisikufuate shule."

Nikiwa darasa la tano, wazazi waliitwa shuleni. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mrefu mwenye sauti ya kwaya, alimwambia susu mbele ya watu wote, "Huyu msichana wako ni very smart."

Susu akasimama, uso umemchangamka. "Asante, mwalimu. Hizo nguo huwa napiga pasi mwenyewe kila asubuhi."

Wazazi wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, sasa najua, lakini nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Njiani kurudi nyumbani susu alisimama kwa muuza mahindi. "Walikuwa wanacheka nini?" akauliza.

"Smart si nguo, susu," nikamjibu bila kumtazama. "Ni akili. Mwalimu alikuwa ananisifu mimi, si wewe."

"Kumbe," akasema. Akaninunulia hindi la kuchoma. Yeye hakula.

Kesho yake aliamka kama kawaida, akawasha makaa, na sketi yangu ikanyooka vilevile.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, nilipolitafuta neno lile katika kamusi ya maktaba. Maana ya akili ilikuwepo. Ilikuwepo pia ya unadhifu, ya mtu aliyevaa akapendeza. Na chini kabisa palikuwa na maana nyingine ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha: kuuma na kuwasha kwa kidonda. Nilikaa na kamusi ile mpaka kengele ikalia.

Likizo ilipofika nilimkuta uani akianua nguo. Sikungoja hata chai. Nikamwambia siku ile hakuwa amekosea, neno hilo ni la nguo pia.

"Najua," akasema. "Yule mama ninayemfulia huniambia hivyo kila nikimpigia mzee wake shati pasi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaitaka sana hiyo sifa. Nikakuachia yote." Akanipa ncha mbili za shuka tulikunje.

Sikumwomba msamaha jioni ile. Niliona aibu, na likizo ilikuwa ndefu, na susu alikuwa na nguvu zake. Nilidhani siku ziko nyingi.

Tulimzika kwao Machakos. Chumba chetu cha Kangemi kilibomolewa, na pale uani palipokuwa na kamba za nguo pamesimama gorofa. Ukipita chini huoni hata jua. Makaa ya pasi sijayanusa miaka mingi. Siku ya kufua hushika shuka nikiwa peke yangu, nikabana ncha moja kwa kidevu na kunyoosha mikono mpaka mwisho, na bado haikunjiki sawasawa.