Usiku wa Malipo Mara Mbili

Wenye kunijua hapa Baraka wamekwisha kuisikia hii habari, na kila mmoja anaisimulia vibaya, anaongeza chumvi yake, ndiyo maana nimeamua kuiandika mimi mwenyewe, juu aibu ni yangu na sioni sababu wengine waifaidi kuliko mimi. Ndiyo, niliaibika. Niliaibika mbele ya soko nzima, asubuhi kweupe, na klaksoni nilikuwa ninaipiga mimi mwenyewe. Lakini kosa halikuwa langu peke yangu, na ukisoma mpaka mwisho utakubali (usipokubali, basi wewe haujawahi kushika volani).

Mimi ni shofere. Masomo niliacha darasa la nne, nikaenda kubeba magunia bandarini Kazimia, kisha nikawa mwenye kuosha makamio, yale malori ya mizigo, na kuendesha hakuna mtu alinifundisha, nilikuwa ninaangalia tu miguu ya mashofere mpaka nikajua. Leo niko na kiwanja, niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, batoto sita wanasoma, na barabara ya Uvira ninaijua shimo kwa shimo. Wenye diploma wananiita "Papa Riziki" kwa heshima, na wanapanda juu ya mihogo ninayobeba mimi.

Sasa patron wangu, Papa Assani, mwenye kamio mbili na tumbo moja kubwa, akaniita siku moja akasema wanunuzi wa Uvira wanataka bidhaa sokoni asubuhi na mapema, kwa hiyo mwenye kuendesha usiku atalipwa mara mbili ya mchana, tujaribu mwezi mmoja, na nikifikisha bila matata kazi hiyo inabaki yangu. Mara mbili. Vyumba viwili vya nyumba yangu vilikuwa bado bila mabati, kila mvua tunahama na vitanda, basi nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Bibi yangu, Mama Riziki, hakufurahi. "Mchana utafanya nini?" akaniuliza.

"Nitalala."

"Nani atakuacha ulale? Papa Assani huyu huyu?"

Nilimwambia usingizi ni mazoea, mi nilishalala juu ya magunia ya chumvi, nilishalala nimesimama. Akaendelea kukanda unga wa beignet zake, maandazi anayouza. Na kweli, patron hakuniacha nilale. Usiku ninapeleka Uvira, nikirudi tu asubuhi ananituma Lubondja kuchukua mihogo, ati "ni hapo karibu tu, Papa Riziki, wewe ni mwanaume". Malipo mara mbili, sawa, lakini masaa yalikuwa mara tatu, na hesabu hiyo hata mtu wa darasa la nne anaiona, ila mi niliona mabati tu.

Kitu kingine mnapaswa kujua: kamio ile demareri yake ilikuwa imekufa. Ukizima moteri haiwaki tena mpaka gari iteremke. Ndiyo maana kila mahali tunaposimama tunageuza pua ielekee chini ya mteremko, unaachia freni, gari inajiviringisha, unaingiza vitesi, yaani gia, inawaka. Miezi mitatu nilimwambia patron atengeneze, miezi mitatu ananijibu "Fizi yetu haikosi milima".

Usiku ule ulikuwa wa tatu bila kulala vizuri. Nilitoka Baraka saa mbili, na mihogo, na juu ya mihogo korali nzima ya kanisa moja la hapa, batu kumi na wanne, walikuwa wamealikwa kuimba ndoa Uvira saa nne ya asubuhi. Ndani ya kabine nilikaa na mama mmoja mwenye kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, Mama Nyota, mwenye ulimi mkali. Mvua ikapiga, korali wakafunikwa na bashi, turubai la mizigo, tukakwama mtoni mpaka saa saba. Tulipopita Lusenda na kuanza kupanda kilima, macho yangu yalikuwa yanaona barabara mbili, na nikaogopa kuchagua ile isiyokuwepo.

Hapo ndipo nilifanya jambo dogo, la akili kabisa. Nilisema nilale kidogo. Kuacha moteri iwake siwezi, juu patron anapima mazuti, dizeli yake, kwa kijiti. Kuzima na pua inaangalia juu siwezi, demareri hakuna. Basi, Mama Nyota na korali wakiwa wamelala, nikaigeuza kamio taratibu, pua ikaangalia chini, kule tulikotoka, nikazima, nikalala juu ya volani. Shofere yeyote wa hapa angefanya hivyo hivyo.

Nililala kiasi gani sijui. Nilisikia Mama Nyota ananisukuma bega. "Papa, twende, soko haitungoji."

Nikaachia freni, gari ikateremka, ikawaka vizuri, na mi nikaenda. Ndiyo. Nilienda.

Na msinicheke bado, juu dalili zilikuwepo na nilizikataa kwa akili zangu zote. Nilifika kwenye mto, nikaona matope yamechimbwa na matairi ya kamio, nikamwambia Mama Nyota, "Ona, kuna mujinga mmoja alikwama hapa." Mwezi ukatoka, mama akaangalia dirishani, akasema, "Papa shofere, ziwa si inakuwaka mukono wa kuume tukienda Uvira? Mbona iko kushoto?"

"Mama," nikamjibu, "barabara inazunguka. Mi niko ku volani miaka makumi mbili. Wewe shugulika na ndagala."

"Haya, papa. Ni wewe unajua."

Kwenye bariyeri, mzee mwenye kulinda kamba akaniangalia na taa yake. "Papa, wewe ulishalipa. Pita."

Hasira ikanipanda. Nikaona ananichanganya na wale mashofere wa kupita kwa ujanja. Nikamwambia, "Mi sijapita hapa leo. Mi si mutu wa kupita bure." Nikalipa mara ya pili, nikadai na karatasi. Mzee akashika pesa, akatikisa kichwa, akafungua kamba. (Mpaka leo hajanirudishia.)

Kukapambazuka. Korali wakaondoa bashi, wakavaa mavazi yao ya kitenge, na dirigenti mwenye kuwaongoza kuimba, Maître Wilondja, akagonga juu ya kabine kuniuliza kama tunaingia mjini. Nikamwambia ndiyo, waimbe, mi nitapiga klaksoni watu wa Uvira wajue kumekuja wageni. Nikaona duka la rangi ya bluu kama lile la jirani yangu, nikawaza watu wa Uvira wanatuiga. Korali juu wakaanza kwa sauti nne, "Tumetoka Baraka kuwasalimu", na mi ninapiga klaksoni kwa mdundo, watu wanatoka majumbani na miswaki mdomoni, wengine wananipungia mkono.

Ndipo nikamwona pembeni ya soko mama mmoja amekaa mbele ya karai ya beignet. Nikasimama, nikatoa kichwa dirishani, na nilimwuliza kweli, kwa mdomo wangu huu, "Mama Riziki, umefika Uvira saa ngapi?"

Akaniangalia mimi, akaangalia korali, akaangalia mihogo. "Papa Riziki," akasema polepole, "umesahau nini nyumbani?"

Juu, wimbo ulikufa sauti moja moja, soprano kwanza, besi mwisho. Kisha soko likacheka. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sijawahi kusikia batu wengi hivyo wakicheka pamoja. Mwanamke wa vitunguu akapaza sauti, "Karibuni Uvira, safari ilikuwa aje?" na Maître Wilondja akashuka, amevaa tai, akasimama mbele yangu, akasema, "Papa, bibi arusi anatungoja." Hilo ndilo liliniuma. Mama Nyota yeye alishuka na beseni lake. "Barabara inazunguka," akasema, akaenda zake.

Patron alifika mbio. Nilifikiri atauliza kama niko muzima. Aliingiza kijiti ndani ya tangi.

"Mazuti ya bure," akasema. "Pesa ya usiku ni ya mutu mwenye alifika."

Hapo aibu ikanitoka, ikabaki hasira tupu. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Patron, toka saa mbili ya usiku niko ku volani. Mugongo wangu haujui kama gari ilienda mbele ao nyuma. Unalipa masaa, ao unalipa Uvira?"

"Nalipa Uvira."

"Na usingizi wangu nani analipa?"

Akacheka, watu wakacheka naye, na mabati yangu yakaenda na kicheko hicho. Hakunilipa hata franka. Mazuti aliyakata kwenye mshahara wangu wa mchana, na kazi ya usiku akampa Mmunga, shofere wa kamio ya pili. Korali walipata gari ingine, wakafika ndoa imekwisha, wakaimbia batu wenye kukusanya viti.

Mmunga alishika usiku majuma mawili, akasema mwili unamkataa. Juma lililopita patron alikuja kwangu mwenyewe, akakaa, akakunywa chai, akasema nirudi usiku, ataongeza kidogo juu ya mara mbili.

Nilimwambia nitarudi siku atakaponilipa na mchana nikiwa nimelala kitandani kwangu, bila Lubondja. Akauliza tangu lini mutu analipwa juu ya kulala. Nikamwambia basi mihogo yake ikalale pia, nikamsindikiza mpaka barabarani kwa heshima, na tangu siku hiyo saa tatu ya usiku ikifika mi nimeshazima taa, na mwenye kunigongea mlango juu ya safari, hata akija na pesa mkononi, atagonga mpaka asubuhi.