Mnara wa Kumtangaza Dada

Serikali imesimika mnara kilimani, juu ya kijiji chetu cha Lipingo, una rada na kamera za kuangalia mpaka wa ziwani na Msumbiji. Wenzangu wanasema ni ulinzi. Mimi nasema, wala sioni haya, mnara ule umewekwa kumtangaza dada yangu.

Dada ameolewa ng'ambo, Msumbiji. Boti la shemeji likitokeza tu huko mbali, linaonekana kwenye skrini, na afisa wa uhamiaji anashuka ufukweni kukagua vibali. Njia yake inapita uani kwetu. "Bibi, boti la mkweo linakuja!" Jamani, mngemwona Mama! Mgongo uliomuuma tangu asubuhi unapona papo hapo. Anavaa kitenge cha kanisani, anabandika samaki mbasa jikoni, anakwenda kusimama ufukweni hata boti lenyewe halijaonekana kwa macho.

Na mimi je? Nina duka Mbinga. Kila mwisho wa wiki namletea sukari, sabuni, na dawa hizo hizo za mgongo. Nateremka kwenye bodaboda, namkuta kajilaza. "Kumbe umekuja. Usipa umo chunguni." Basi! Kwa wivu, hata huo usipa, dagaa wa ziwani kwetu, siugusi.

Mwezi uliopita nikasema potelea mbali. Nikachukua kibali, nikavuka kumtembelea dada bila kumwambia Mama. Siku ya kurudi nikapanda boti la shemeji, dada akabaki na wanawe. Nilikaa mbele kabisa, nimevaa gauni jipya, najua kabisa kwamba tunaonekana. Leo na mimi nitangazwe!

Tulipokaribia nikamwona Mama. Alikuwa ameingia majini, kitenge cha kanisani kimelowa mpaka magotini. Machozi yalinitoka kwa furaha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alikuwa anachungulia nyuma yangu. "Mwenzio mmemwacha wapi?"

"Hakuja. Nimekuja mimi."

"Haya, karibu," akasema, kisha akamgeukia shemeji kumuuliza kama watoto ni wazima.

Nyumbani tulikula mbasa. Kipande cha tumboni, kile kinono, Mama alikitenga kwenye bakuli, akakifunika kwa sahani. Nikanyoosha mkono.

"Hicho kiache," akasema. "Huenda kuna boti jingine nyuma."