Nilivyoeleza miale ya neutrino kwenye ruracio mtaani Satellite, Nairobi

Wakuu, niaje. Haya yalinipata Jumamosi na mpaka sasa kichwa hakijatulia. Sijaongeza chumvi.

Rafiki yangu Mwangi anasomea fizikia Ulaya. Alirudi kumposa Wairimu, akaniomba niwe msemaji wake siku ya ruracio, kikao cha mahari. Mnajua mila: wazee wakijadili mahari, bwana harusi hafungui mdomo. Msemaji ndiye humjibia.

"Wewe unaandika riwaya," aliniambia. "Maneno hayawezi kukuishia."

Alinifunza kazi yake mkahawani Adams Arcade, tukinywa chai. Nikadhani nimeelewa.

Kule Satellite, nyumbani kwa kina Wairimu, babake akaanza: "Huyu kijana wenu hufanya kazi gani?"

Wakuu, nilipaa.

Nikasema kuna atomu zinazokufa kabla hujavuta pumzi. Ukizikimbiza karibu na kasi ya mwanga, zinaishi zaidi. Unaziacha zizunguke ndani ya bomba la mviringo lenye pande zilizonyooka, na zikifia hapo, kila moja inatoa neutrino, chembe ndogo mno isiyozuiwa na karibu chochote. Zote zinatoka kama mwale mmoja, zikipenya mlima kama jua kwenye dirisha.

"Atomu zinazokufa si ndizo zile za mionzi, radioactive?" shangazi yake Wairimu akauliza. "Na watoto watapatikana kweli?"

Watu wakacheka. Mwangi akanikanyaga mguu.

Babake Wairimu hakucheka. "Hiyo mashine iko wapi?"

"Bado haijajengwa, mzee. Wanaichora."

"Itajengwa lini?"

Nikamtazama Mwangi. Akatazama sakafu.

"Kwa hivyo," mzee akasema polepole, "msichana wangu atazeekea ng'ambo akingojea mchoro."

Mimi, mtu wa maneno, nikaanza tena habari ya bomba!

Ghafla Mwangi akasimama. "Baba, tutarudi. Nikimaliza masomo, nitafundisha hapa Nairobi."

Wazee wakaguna. Mzee akamkazia macho. "Umeongea bila ruhusa. Faini, mbuzi mmoja."

Akina mama wakapiga vigelegele! Mimi nikabaki nimeduwaa, sijui tumeshinda au tumefukuzwa, hadi mjomba wa Mwangi aliponinong'oneza: "Tulia. Mgeni hatozwi faini. Anayetozwa ni mtoto wa nyumbani."

Somo nililopata ni kwamba nilijibu vizuri sana swali ambalo hakuna aliyeuliza. Neutrino zenyewe, wakuu, bado zinanichanganya.

Mliowahi kuwa wasemaji, nisaidieni: mzazi akiuliza kazi ya kijana, huwa anataka kujua nini hasa?