Nilikunja Nne na Mama Mkwe Yuko Kwenye Tela

Wengi wanaouandikia ukurasa huu wa gazeti huanza kwa kusema walidanganywa. Mimi sikudanganywa na mtu. Nilikosa mchana kweupe, nina akili zangu, sijaonja hata togwa. Nimemvunja mama mkwe wangu kiuno kwa ajili ya sifa.

Jina langu silitoi. Ya wenzangu nitayataja, maana ujinga ule haukuwa wa mtu mmoja.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, huku upande wa Kabuku. Kijiji kikapata pikapu. Ilikuwa imechoka, lakini kwa watu waliozoea kubeba kila kitu kichwani ilikuwa mali. Udereva nikapewa mimi, kwa sababu nilipata kuendesha trekta kwenye shamba la mkonge. Waliniuliza kama nina leseni. Kama nina akili hawakuuliza.

Mwenyekiti wetu alikuwa Salehe. Maneno mengi, jembe safi. Kwenye shamba la pamoja alikuja kutuhesabu tu, kisha anakwenda kivulini kututungia hotuba.

Fundi alikuwa Mhina. Huyo ndiye aliyetuundia tela kwa ekseli ya lori bovu. Breki hakuweka.

"Tela la kukokotwa breki za nini?" akatuambia. "Ikisimama gari, na lenyewe linasimama."

Tukaitikia wote. Kijiji kizima, hakuna aliyeuliza, na mimi dereva nikiwa mbele kabisa kuitikia.

Sasa kwenye pikapu ile, jirani na choki, palikuwa na kijiti cha kuvuta. Ukikivuta, gari inajishikia mafuta yenyewe na mwendo unabaki palepale, mguu huna kazi nao. Kiliwekwa cha kuzungushia pampu ya maji gari ikiwa imesimama. Hilo nililijua vizuri. Lakini siku moja tuko barabarani nikakivuta, nikatoa mguu. Salehe amekaa pembeni yangu.

"Dereva, mguu wako uko wapi?"

"Umepumzika, Mwenyekiti."

"Na gari inakwenda?"

"Si unaiona."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Tangu siku hiyo kila mkutano ni hilo. "Wenzetu wana trekta," anasema, "sisi tuna gari inayojiendesha." Tukipita penye watu ananigonga goti: "Kunja nne, wakuone." Nami nakunja nne, goti linafika dirishani, usukani nimeushika kwa vidole viwili. Watoto wanapiga makofi. Watu wazima wawili kwenye gari, mmoja mpumbavu na mwingine anamshangilia.

Basi, shemeji yangu aliyeolewa Kilole, pale Korogwe, akajifungua. Mama yao, ndiye mama mkwe wangu, akataka kwenda kumwona mzazi, na sisi tulikuwa tunapeleka mahindi Korogwe mjini. Mke wangu, Zaina, akaniomba nimchukue mama yake.

Wenye asili ya kwetu mnajua. Mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawaangaliani, hawaitani majina. Nikimwona njiani natoka njia, naye anajifunika kanga. Mbele kwenye gari hawezi kupanda, mimi nipo. Nyuma ya pikapu pana kioo, atakuwa anatazama kisogo changu. Kwa hiyo akawekwa kwenye tela, ametupa mgongo, yeye na sufuria yake na mwiko na unga wa uji wa mzazi. Mhina akasukuma magunia yote nyuma kabisa ili mama apate nafasi. Tela likawa zito mkiani, na tela la hivyo huyumba. Nililiona hilo nikanyamaza.

Na mimi, kwa adabu zangu, nikakigeuza kioo cha pembeni kikatazama mawinguni, nisije nikamwona mama wa watu.

"Huyu ndiye mkwe," Salehe akawaambia waliotusindikiza. "Igeni."

Tulipoiacha Segera mvua ikaanza, manyunyu tu, lami ikawa inateleza. Nikavuta kijiti. Nikakunja nne.

Hatukwenda mbali nikasikia nyuma: ko, ko, ko. Mwiko kwenye sufuria.

"Mkweo huyo anapiga ngoma," Salehe akasema. "Amefurahi kupata mjukuu."

"Mwache acheze," nikasema.

Tukacheka. Ko, ko, ko, ikazidi. Nikaanza kusikia na usukani nao unavutwa, mara huku, mara huku. Ndugu msomaji, nilijua si ngoma. Mama yule hakuwa na njia nyingine ya kuniambia. Jina langu hawezi kulitaja, kupiga kelele kwa mkwe wake ni aibu. Tela linayumba, anaona anakufa, anagonga sufuria.

Kukirudisha kijiti kile ni kazi ya vidole viwili. Sikukirudisha. Mbele, mteremkoni, palikuwa na wauza machungwa wamejibanza kwenye kibanda, nami nikataka kwanza wanione nimekunja nne.

Walituona.

Mteremko ulipotushika, tela likaanza kutusukuma na injini nayo haipunguzi. Nikataka kukanyaga breki, mguu umenasa chini ya usukani. Nilipoupata nikakanyaga kwa nguvu zote, nimesahau kijiti bado nimekivuta. Pikapu ikateleza. Tela likaja ubavuni, likatupita kama lina haraka kuliko sisi, likapinduka, likatuangusha na sisi mtaroni.

Nilitoka kwa kutambaa, goti limepasuka. Mama mkwe alikuwa chini ya magunia, mkono mmoja uko nje, bado ameshika mwiko. Nikafika mpaka pale. Nikasita kumgusa. Hapo ndipo adabu zangu ziliporudi. Wauza machungwa ndio waliomtoa, mimi nimekaa nimegeuza uso kama mtu mwenye heshima zake.

Salehe hakupata hata mchubuko. Aliwaambia watu ni mvua. Mhina alikuja kuchukua ekseli yake, akaniuliza kama matairi ya tela yamepona. Kuhusu mama hakuuliza.

Kikafanyika kikao cha wazee nyumbani. Mama amelala, hawezi kukaa, pazia limewekwa kati yetu. Kaka yake akamuuliza.

"Dada, hukumwashiria huyu asimame?"

"Niligonga sufuria," akasema nyuma ya pazia. "Mkwe wangu hakusikia. Mvua ilikuwa na kelele."

Wazee wakaguna, wakaridhika. Nikainamisha kichwa. Wakaona ni huzuni.

Mvua ile ilikuwa manyunyu. Isingemzuia mtu kumsikia kuku.

Miaka imepita. Tumehamia Kwamndolwa, na mama tunakaa naye, hajatembea tena. Zamani nikitokea alikuwa anageuka upande wa pili. Sasa hawezi kugeuka, anajivutia kanga usoni na kungoja nipite. Mimi nachechemea, yeye anasikia hatua zangu kabla sijafika, na kanga inapanda. Zaina amenisamehe, kwa sababu anaamini sikusikia.

Nyie madereva mnaofunga tela nyuma halafu mnataka gari ijiendeshe, endeleeni kupiga picha za sifa vichwani mwenu. Tela halijui kwamba unatazamwa. Kama una mzigo nyuma, na zaidi mzigo wenye roho, mguu wako uwe kwenye mafuta, macho yako yawe kwenye kioo, hata kama aliye nyuma ni mkweo. Adabu ya kugeuza kioo ilikuwa uvivu wangu, nikaupa jina zuri. Na mwenyekiti akikwambia kunja nne, mshushe, atembee kwa miguu.

Zaina amejifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima. Jioni humsomea mama yake gazeti, ukurasa huu haurukwi. Mimi hukaa nje ukutani nikisikiliza. Nilishindwa kuyasema mbele ya wazee, ndiyo maana nimeyaandika. Jina sikuliweka, woga ule ule, lakini wakifika kwenye sufuria hawatahitaji jina.

Mama, nilisikia.