Nilinyamaza Melini, Nyumbani Wakanizika

Ninaandika kwa sababu familia yangu ilinizika nikiwa hai, na kosa ni langu. Naomba mhariri alifiche jina langu. Nina umri wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Ndhiwa, kifungua mimba wa mama mjane, na mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata shahada ya chuo kikuu.

Nilihitimu wakati serikali ilipokuwa ikipunguza wafanyakazi badala ya kuajiri. Baada ya kuzunguka na vyeti mwaka mzima, wakala mmoja aliniahidi kazi ya ukarani katika meli ya watalii. Mbele ya kanisa zima nikatangaza kwamba naenda kuwa afisa. Nilipopanda melini nilikabidhiwa ndoo, brashi na funguo za vyumba kumi na vitano.

Bandarini palikuwa na pilikapilika za kunisahaulisha. Zilizonitesa ni siku za bahari tupu, saba au nane mfululizo, pasipo nchi kavu kuonekana. Abiria waliamka walipopenda, wakajilaza kando ya bwawa la kuogelea, wakacheza karata, wakanung'unika kwamba hakuna la kufanya. Sisi tulitandika vitanda vilevile na kusugua vyoo vilevile. Kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri nilipumzika katika chumba kisicho na dirisha. Nilichukua karatasi nikaandika, "Mama mpendwa, mimi ni mzima." Nikifika mahali pa kueleza kazi yangu, kalamu iligoma. Nilichana karatasi, na siku ya pili nikaanza upya.

Mpishi mmoja wa Mombasa, tuliyekaa naye chumba kimoja, alinicheka. "Haya msomi, hiyo digrii yako yasemaje kuhusu choo cha namba tisa?" Kisha akasema kwa upole, "Mwandikie mamako, bwana. Mama haulizi cheo. Auliza umekula?"

Nilimjibu kwamba nitaandika nitakapopandishwa cheo. Mkataba uliisha, nikaongeza mwingine, kisha mwingine. Kwa miaka miwili na miezi mitatu sikutuma hata mstari mmoja.

Mwezi uliopita nilirudi. Kabla ya kufika Ndhiwa nilipitia Awendo kumsalimu baba mdogo, anayeuza mahindi sokoni. Aliponiona, debe lilimponyoka.

"Simama hapo hapo! Wewe tulikuzika."

"Baba mdogo, ni mimi. Niguse," nilisema nikicheka, nikidhani ananitania.

"Sikugusi mimi! Na hicho kicheko ukiache."

Alinieleza akiwa mbali nami. Redio ilitangaza meli fulani iliyozama ng'ambo. Walisubiri barua, haikuja. Hatimaye, kama desturi yetu sisi Wajaluo inavyoagiza kwa mtu aliyepotelea majini, walizika tunda refu la mti wa yago badala ya mwili wangu, kando ya nyumba ya Mama. Sasa siruhusiwi kupita langoni hadi nisimame nje, mbele ya wazee na Mama, nieleze nilikokuwa na kwa nini nilinyamaza.

"Ukidanganya hapo," alisema, "lile kaburi litakuita. Lakini mama yako, ai! Ametugombeza sisi sote. Anasema, 'Wuoda, mwanangu, aliandika. Barua zilipotelea njiani.' Hata baada ya mazishi, kila Ijumaa anatembea mpaka posta kuuliza."

Sikuendelea na safari ya Ndhiwa. Nimepanga chumba mjini Migori, natoka tu kununua chakula. Nikisema kweli, nitamwambia Mama mbele ya ukoo mzima kwamba hakuna barua iliyopotea; kwamba nilimwacha anililie kwa kuwa niliona haya kusugua vyoo. Nikimwunga mkono kwa uongo, nitaingia nyumbani kama mwizi, nami ninaliogopa kaburi lile ingawa nimesoma. Nikirudi melini, nafasi yangu ingalipo, lakini Ndhiwa nitabaki marehemu. Nimeipima kila njia kama nilivyofunzwa chuoni, na sioni hata moja isiyomvunja Mama moyo.

Ninyi mlio na watoto walio mbali, mngependa kusikia lipi kutoka kinywani mwa mtoto wenu? Nipeni shauri, tafadhali. Baba mdogo amewapasha wazee habari, nao wamepanga tukutane Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa tatu asubuhi. Mimi nitakuwa nje ya lango, Mama ndani.