Mzee Musembi na Mpini wa Kinanda

Mwaka wa 1974, Mwalimu Mbula wa Kilungu alikuwa na darasa la watoto arobaini, ng'ombe mmoja mkaidi, na funguo za kinanda cha mabomba kilichoachwa kanisani na wamishonari. Kilikuwa kinanda kidogo, na hakikulia mpaka mtu asimame nyuma yake akisukuma mpini wa mivukuto ili mabomba yapate upepo.

Nyimbo za ibada alizipiga bila taabu. Lakini raha yake ilikuwa muziki wa Wajerumani wa kale, aliofundishwa na mke wa mmishonari. Sauti moja huanza peke yake, ya pili huidaka, ya tatu huingia kutoka chini, mpaka kanisa zima likabubujika kama kilima chenye chemchemi pande zote. Aliupiga watu wakitoa sadaka.

Mzee Musembi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, hakupendezwa. Wimbo usio na maneno, aliuliza, utajuaje unamsifu nani? Akaitisha kamati ikae Jumapili baada ya ibada, iupige marufuku.

Jumapili hiyo Kiema, msukuma mpini, akaamka na homa. Wanaume wengine wakatazama viatu vyao. Mzee Musembi akavua koti.

"Nitasukuma mimi, mwalimu. Lakini ukianza ule wimbo wako, naachilia."

Sadaka ilipofika, Mbula alijua huenda hii ndiyo mara ya mwisho. Akaanza ule wake.

Sauti ya kwanza ikatoka, nyembamba. Akangoja ife. Haikufa. Ya pili ikaidaka, ya tatu ikaingia, na zote zilipokutana zikaula upepo kwa pupa. Nyuma ya mbao akasikia mpini ukienda mbio na mzee akihema.

Kimya kiliporudi, Musembi alijitokeza, shati limeloa.

"Huu ni mwethya, ile kazi yetu ya ujima," alisema. "Tukichimba matuta, mmoja anaanza, jirani anampokea, hakuna anayemwacha mwenzake shambani. Sasa mimi ningeachilia vipi?"

Kamati haikukaa. Mwenyekiti alikuwa jikoni kwa kina mama, akiomba chai ya pili.

"Ila Jumapili ijayo chagua wimbo mfupi," alimwambia Mbula akipita. "Bega hili lina miaka sitini na tatu."